Silinda 20 juu ya reli: jinsi SD45 ilivyopitwa na SD40

Mwishoni mwa 1965 na mwanzoni mwa 1966, EMD, tawi la General Motors lililokuwa na kiwanda La Grange karibu na Chicago, lilianza kutoa vichwa viwili vya treni ya mizigo ambavyo chini ya bodi vilikuwa karibu kitu kimoja. Chasisi ilikuwa ileile, ya urefu wa mita 20 hivi. Ekseli sita, kila moja na mota yake ya kuvutia, na mota zenyewe za aina moja, D77. Umeme wa kuzilisha ulitoka kwenye oltaneta moja, AR10. Kilichotofautisha vichwa hivyo ni injini. SD40 ilikuwa na silinda 16 na nguvu ya farasi 3,000. SD45 ilikuwa na silinda 20 na nguvu ya farasi 3,600.

Hadi mwisho wa 1971 soko lilikuwa halijaamua. SD45 zilijengwa 1,260, na SD40 nazo zilipita 1,200. Mnunuzi aliyetazama takwimu hizo asingeweza kusema nani anashinda. Kisha mwaka 1972 EMD ikaleta kizazi kipya cha vichwa hivyohivyo, na hapo kibao kikageuka vibaya sana: SD40-2 iliuzwa karibu 4,000, SD45-2 ikauzwa 136 tu. Hata ukiongeza SD45T-2 247, toleo la mahandaki, zilizojengwa kwa ajili ya kampuni moja na tawi lake, bado pengo ni kubwa mno.

Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba krenki za SD45, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, zilikuwa zinavunjika, basi wanunuzi wakakimbia. Zilivunjika kweli, na nitalieleza hilo. Lakini nimefikia hitimisho kwamba krenki peke yake haiwezi kubeba mzigo wote wa lawama. Sababu kubwa zaidi ni kwamba SD45 iliuza farasi kwa kampuni ambazo nyingi zilikuwa zinahitaji mshiko wa gurudumu kwenye reli, na ilichukua miaka saba hivi, pamoja na kupanda ghafla kwa bei ya mafuta, kwa wengi kuiona tofauti hiyo kwenye vitabu vyao vya hesabu.

Mbio za nguvu

Ili kuielewa SD45 inabidi kuangalia presha iliyokuwepo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kampuni za reli za magharibi mwa Marekani zilikuwa zinafunga vichwa vitano, sita, hata zaidi mbele ya treni moja. Kila kichwa kina magurudumu yake, mota zake, breki zake, betri zake, na kila kimoja kinahitaji ukaguzi wake. Ukipata vichwa vichache vyenye nguvu kubwa zaidi, unapunguza yote hayo kwa mkupuo mmoja.

Southern Pacific ndiyo iliyokuwa na kiu kuliko wote. Mwaka 1961 ilikwenda hadi Ujerumani kununua Krauss-Maffei ML4000, vichwa vya farasi 4,000 vilivyotumia upitishaji wa nguvu kwa mafuta ya haidroliki badala ya umeme. Denver & Rio Grande Western nayo ilichukua vitatu. Mradi huo haukudumu, na kabla ya miaka ya 1960 kuisha vichwa hivyo vilikuwa vimeondolewa kazini, lakini ujumbe kwa viwanda vya nyumbani ulikuwa umefika: mteja mkubwa yuko tayari kuvuka bahari kutafuta nguvu. General Electric ilikuwa tayari imeingia sokoni na mfululizo wake wa U, ukianza na farasi 2,500. Alco ya Schenectady ilifika 3,000 mwaka 1965 kwa C630, na 3,600 mwaka 1967 kwa C636. EMD, iliyokuwa imezoea kuongoza, haikuweza kubaki na SD35 ya farasi 2,500.

Jibu la EMD lilikuwa injini mpya ya 645. Namba hiyo ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo, sawa na lita 10.6 hivi. Ni injini ya mipigo miwili, yaani kila pistoni inafanya kazi katika kila mzunguko wa krenki, na silinda zake zimepangwa safu mbili kwa umbo la V. Tabo yake, feni inayosukumia hewa ndani ya injini, ina tabia ambayo fundi wa injini nyingine huishangaa: huzungushwa kwa gia kutoka kwenye krenki wakati injini iko chini, hadi moshi upate joto la kutosha kuizungusha wenyewe. Ukiwa na silinda 16 unapata ujazo wa lita 169 hivi. Ukiwa na 20 unapata lita 211.

Ndani ya injini

Safu mbili za silinda kumi kumi. Katika 645 pistoni mbili zinazotazamana hushiriki pini moja ya krenki, kwa hiyo injini ya silinda 16 ina pini nane na ya silinda 20 ina kumi. Krenki ya injini hizi kubwa haitengenezwi kipande kimoja: ni vipande viwili vinavyoungana kwa flanji na boliti. Kila silinda inapowaka, pini yake inasukumwa na shafti inajipinda kidogo kama chuma chochote kirefu kinavyojipinda, kisha inarudi. Ukiongeza urefu, unaongeza nafasi ya kujipinda. Na kila injini ina kasi fulani ambazo misukumo hiyo ikikutana na mtetemo wa asili wa shafti, mtikisiko unakua badala ya kufa.

Sasa weka injini hiyo juu ya chasisi ya kichwa cha treni. Chasisi haikai kimya. Inapokea kishindo cha mabehewa yanapovutana na kusukumana, inapinda kidogo kwenye kona, inanesanesa juu ya maungio ya reli. Injini ndefu inahisi hayo yote kuliko injini fupi. SD45 za mwanzo zilipata sifa mbaya ya kuvunja krenki, na krenki ikivunjika ndani ya injini ya lita 211 hutengenezi kwa spana na kuendelea na safari. Injini yote inatolewa.

EMD ilifanya marekebisho, na injini za baadaye zilikuwa imara zaidi. Injini hiyohiyo ya silinda 20 imefanya kazi kwa miaka mingi kwenye majenereta yaliyosimama, ikiwemo majenereta ya dharura ya vituo vya umeme wa nyuklia vya Marekani, mahali ambapo hakuna mtu anayeweka injini asiyoiamini. Ikifungwa juu ya zege, injini ile haina wa kuitikisa. Naona hilo ni ushahidi mzuri kwamba ubunifu wa injini yenyewe haukuwa mbovu.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Gawanya farasi kwa silinda. SD40: 3,000 kwa 16 ni 187.5 kwa kila silinda. SD45: 3,600 kwa 20 ni 180. Kwa hiyo katika SD45 kila silinda ilikuwa inafanya kazi kidogo kuliko katika SD40. Mtu anayesema SD45 ilikuwa injini iliyokamuliwa kupita kiasi hajafanya hesabu hii. Waliokamua silinda kweli walikuja baadaye: DDA40X za Union Pacific, 47 zilizojengwa 1969 hadi 1971, zilikuwa na injini mbili za silinda 16 kila kichwa, kila injini farasi 3,300, yaani 206 kwa silinda. SD45X ya majaribio ilipandishwa hadi 4,200, sawa na 210.

Hesabu ya treni nzima

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, na naomba msomaji avumilie namba kidogo.

Ahadi ya SD45 kwa mnunuzi ilikuwa rahisi: vichwa vitano vinafanya kazi ya sita. Tano mara 3,600 ni 18,000, na sita mara 3,000 ni 18,000. Umeokoa kichwa kizima.

Umeokoa nini hasa? Bodi moja, chasisi moja, oltaneta moja, mota sita, ekseli sita. Silinda hukuokoa. SD45 tano zina silinda 100, SD40 sita zina 96. Kwenye karakana gharama kubwa ya injini ya aina hii iko kwenye seti za silinda: kichwa cha silinda, laina, pistoni, ringi, fimbo, nozeli. Seti moja ya 645 inaingia kwenye injini ya silinda 12, 16 au 20 bila tatizo, jambo ambalo lilikuwa faida kubwa kwa ghala la spea. Lakini fundi mkuu aliyetarajia kubadilisha seti chache kwa sababu ana vichwa vichache alikuta ana seti nne zaidi.

Tuje kwenye kuvuta. Chukua kichwa cha tani 170 chenye ekseli sita zote zenye mota. Tuseme kwa udhibiti wa wakati ule reli kavu inampa mshiko wa asilimia 20 ya uzito wake. Hiyo ni nguvu ya tani 34, karibu kilonyutoni 333. Ukizidisha hapo magurudumu yanateleza, hata ukiwa na farasi wangapi. Sasa tuseme asilimia 82 ya nguvu ya injini inafika kwenye gurudumu. SD40 inabaki na kilowati 1,830 hivi, SD45 na 2,200. Gawanya kwa nguvu ile ya mshiko: SD40 inaweza kutoa mvuto wake wote hadi kasi ya kilomita 20 kwa saa, SD45 hadi 24.

Chini ya kilomita 20 kwa saa, basi, vichwa hivi viwili vinavuta sawasawa. Farasi 600 za ziada hazina pa kwenda. Na ukiwa umetoa kichwa kimoja kati ya sita kwa sababu tangazo limesema tano zinatosha, umepoteza sehemu moja kati ya sita ya mvuto wako wote mlimani, kwa kuwa umebaki na ekseli 30 badala ya 36. Treni ya makaa inayopanda mlima kwa kilomita 17 kwa saa itasimama na SD45 tano mahali ambapo SD40 sita zingepita.

Panda hadi kilomita 80 kwa saa, picha inabadilika kabisa. Hapo mshiko si tatizo tena, kinachokubana ni nguvu. SD40 inavuta kilonyutoni 82 hivi, SD45 inavuta 99. Asilimia 20 zote za ziada zinafika kwenye treni.

Namba hizi ni za mfano na reli halisi ina unyevu, kona, majani na mchanga, lakini umbo la jambo halibadiliki. SD45 ilikuwa kichwa cha kasi. Aliyekuwa na treni za kasi alipata alicholipia.

Nani alikuwa na treni za kasi

Santa Fe alikuwa nazo. Januari 1968 kampuni hiyo ilianzisha treni iliyoitwa Super C, kutoka Chicago hadi Los Angeles, kilomita 3,500 hivi, kwa muda usiozidi saa 40. Hiyo ni wastani wa karibu kilomita 88 kwa saa, ukijumlisha na kusimama kwa kubadilisha wafanyakazi na kujaza mafuta. Ili upate wastani huo lazima sehemu kubwa ya safari uwe juu zaidi ya hapo. Vichwa vilivyoivuta mwanzoni vilikuwa FP45, ndugu wa damu wa SD45.

Tukifika hapo tuseme juu ya matoleo, maana familia hii ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. SD45 ya kawaida unaitambua mara moja kwa rejeta zake: zimeinamishwa kuelekea nje juu ya paa la nyuma, kama mabawa. Injini kubwa ilihitaji rejeta kubwa na upana wa kawaida wa bodi haukutosha. Kwangu mimi ndiyo sura nzuri kuliko zote EMD ilizowahi kuchora kwenye kichwa cha mizigo.

FP45 ilitokana na ombi la Santa Fe, ambayo haikutaka treni zake za abiria zivutwe na kitu chenye sura ya kichwa cha mizigo. EMD ikafunika injini yote kwa bodi pana na kuweka nyuma boila ya mvuke ya kupasha joto mabehewa. Zilijengwa 14 tu: tisa za Santa Fe, tano za Milwaukee Road. Kisha ikaja F45, bodi ileile pana bila boila, kwa mizigo. Hizo zilikuwa 86: 40 Santa Fe, 14 Great Northern, 32 Burlington Northern. Kwa kampuni za kaskazini, ambako baridi inakata, bodi iliyofunikwa ilimaanisha mhudumu anaweza kufika kwenye injini akiwa ndani badala ya kutembea nje kwenye barafu.

SDP45 ilikuwa na chasisi iliyorefushwa nyuma ili kuweka boila ya mvuke, na zilijengwa 52. Great Northern ilichukua nane na Southern Pacific kumi, kwa abiria. Zilizobaki 34 zilikwenda Erie Lackawanna, kampuni ambayo haikuzitaka kwa abiria hata kidogo. Ilitaka ile chasisi ndefu kwa ajili ya tangi kubwa la mafuta, ili treni zake za mizigo kati ya eneo la New York na Chicago zisisimame njiani kujaza. Naupenda uamuzi huo. Mtu aliyeufanya alikuwa anaijua njia yake vizuri.

Great Northern nayo iliipa SD45 yake ya kwanza, namba 400, jina la Hustle Muscle na kuliandika ubavuni. Kichwa hicho kipo mpaka leo, kimehifadhiwa Saint Paul, Minnesota. Pennsylvania Railroad ilinunua zaidi ya 100, ikaunganishwa ndani ya Penn Central mwaka 1968, na Penn Central ikafilisika Juni 1970. Vichwa vilivyonunuliwa kwa ajili ya mwendo wa kasi vikajikuta juu ya njia zilizochakaa kiasi cha kuwekewa kasi ya kutambaa. Hapo farasi 600 za ziada zilikuwa mzigo wa bure, na hakuna fundi wa La Grange angeweza kulirekebisha hilo.

Mwaka 1972

Kizazi kipya kiliitwa Dash 2. Kwa nje kilitofautiana kidogo: chasisi ilirefushwa hadi karibu mita 21 kwa sababu ya bogi mpya za HT-C, yaani fremu zinazobeba magurudumu, na kwa kuwa bodi ya SD40-2 haikurefuka kwa kiasi hicho, zikabaki zile baraza ndefu mbele na nyuma ambazo ndizo alama yake. SD45-2 ilipata rejeta zilizosimama wima kwa sababu sasa kulikuwa na nafasi ya kuzirefusha. Mabawa yakaisha.

Mabadiliko makubwa yalikuwa ndani. Waya na relei nyingi za zamani ziliondolewa, zikawekwa kadi za elektroniki zinazochomolewa na kuchomekwa. Fundi hakuhitaji tena kukaa na taa ya kupimia akifuata waya mmoja kati ya mamia: anachomoa kadi, anaweka nyingine, kichwa kinarudi kazini. Udhibiti wa kuteleza kwa magurudumu uliboreshwa, na bogi mpya ziligawa uzito vizuri zaidi kati ya ekseli wakati wa kuvuta kwa nguvu.

Unaona kilichotokea. Dash 2 ilimpa mnunuzi mshiko zaidi bila kumuongezea farasi hata mmoja. Faida hiyo aliipata mwenye SD40-2 kama alivyoipata mwenye SD45-2, lakini kwa mwenye treni nzito za mwendo wa pole ilikuwa ndiyo faida aliyokuwa akiitafuta tangu mwanzo. Akaipata kwenye injini ya silinda 16, yenye krenki fupi asiyoihofia.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1973, vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vilipandisha bei ya dizeli. Kwa injini inayofanya kazi ya juu kabisa, tofauti ya ulaji kwa kila farasi kati ya silinda 16 na 20 si ya kutisha. Lakini kichwa cha mizigo hutumia saa nyingi kikiwa kimesimama kinanguruma, au kikisubiri kupishana, au kikishuka mlima. Saa hizo zote silinda nne za ziada zinakunywa bila kuvuta kitu.

Na wakati uleule biashara ya mizigo ilikuwa inabadilika. Makaa ya mawe ya bonde la Powder River, Wyoming, yalianza kuchimbwa kwa wingi na kupelekwa mbali kwa treni ndefu za bidhaa moja. Burlington Northern, iliyozaliwa Machi 1970 kwa kuunganisha Great Northern, Northern Pacific, Burlington na Spokane, Portland & Seattle, ndiyo iliyokuwa mlangoni mwa machimbo hayo. Kampuni hiyo ilirithi SD45 nyingi, ikiwemo Hustle Muscle mwenyewe. Ilipokuja kununua vichwa vya makaa ilichukua SD40-2 kwa mamia. SD45-2 haikununua hata moja. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo katika kisa kizima: mtu anayeijua injini kwa ndani, ana karakana zake, ana mafundi wake, na bado akasema hapana.

Waliosema ndiyo nao wanafundisha kitu. Katika SD45-2 zile 136, Santa Fe alichukua 90. Erie Lackawanna 13, Seaboard Coast Line 15. Clinchfield, kampuni ndogo ya makaa iliyopita katikati ya milima ya Appalachia, ilichukua 18, na hao wanakwenda kinyume na hoja yangu. Njia yao ilikuwa ya milima na mzigo wao ulikuwa mzito. Ninavyoliona, farasi wa ziada huanza kusaidia kuanzia pale kwenye kilomita 20 kwa saa, na kwenye njia moja yenye kupishana, kupanda mlima kwa 24 badala ya 20 kunaachia njia mapema. Mwenye njia fupi na treni zinazosubiriana anaweza kuona faida hapo. Hata hivyo ni vichwa 18.

Southern Pacific na mahandaki

Southern Pacific alibaki mwaminifu kwa silinda 20 hadi 1975, na tatizo lake lilikuwa jingine kabisa. Njia yake ya Donner, kuvuka Sierra Nevada kati ya Roseville na Sparks, ina mahandaki na mapaa marefu ya kuzuia theluji. Treni ikiwa na vichwa kadhaa mbele, moshi wa moto wa kile cha kwanza hujaa juu ya handaki. Cha pili kinavuta hewa hiyo kupoza rejeta zake, cha tatu kinavuta hewa mbaya zaidi. Rejeta za SD45 ziko juu kabisa, palepale moshi ulipokusanyika. Injini inachemka, inajipunguza nguvu, na katikati ya mlima treni inakosa kichwa kimoja au viwili.

EMD ilijibu kwa SD45T-2. Hewa ya kupoza ilichukuliwa chini, usawa wa njia ya kutembelea, ambako ndani ya handaki hewa ni baridi kuliko juu. Feni ziliwekwa chini ya rejeta zikisukuma hewa kwenda juu, badala ya kuwa juu yake zikiivuta. Ukitazama ubavu wa nyuma wa kichwa hicho unaona tundu kubwa wazi, na unaweza kuona mwanga upande wa pili. Zilijengwa 247, zote za Southern Pacific na tawi lake la Cotton Belt.

Denver & Rio Grande Western ilikuwa na tatizo hilohilo kwenye handaki la Moffat, lenye urefu wa kilomita 10. Ilikuwa na SD45 za awali. Lakini ilipokuja kuagiza vichwa vya mahandaki ilichagua SD40T-2, silinda 16, ikanunua 73. Southern Pacific mwenyewe hatimaye akaingia kwenye SD40T-2 pia, na kwa jumla zilijengwa zaidi ya 300.

Maisha ya pili

SD45 nyingi zilijengwa upya badala ya kutupwa. Southern Pacific ilizipitisha kwenye karakana yake kuu ya Sacramento, Santa Fe ikazipitisha San Bernardino. Baadhi zilishushwa nguvu hadi 3,200 ili injini ipumue. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Morrison-Knudsen ilichukua SD45 kadhaa, ikatoa injini ya silinda 20, ikaweka ya 16, ikazikabidhi kwa Southern Pacific kwa jina la SD40M-2. Rejeta za mabawa zilibaki juu ya injini ambayo haikuzihitaji.

Walizipenda zaidi kampuni mpya zilizoanza 1987. Wisconsin Central ilikusanya SD45 zilizotumika na kuendesha sehemu kubwa ya kazi zake kwa hizo, hadi iliponunuliwa na Canadian National mwaka 2001. Montana Rail Link nayo ilizitegemea. Kampuni inayoanza bila mtaji mkubwa inapata farasi 3,600 kwa bei ya kichwa kilichozeeka, na kufikia hapo udhaifu wote wa injini ulikuwa umeshajulikana na kurekebishwa.

EMD yenyewe iliendelea kutafuta nguvu, safari hii bila kuongeza silinda. SD50 ilitoa farasi 3,500 kutoka silinda 16 za 645, karibu 219 kwa kila silinda, na injini ikaongezewa kasi ya mzunguko. Matatizo yake yaliiumiza EMD kuliko krenki za SD45 zilivyowahi kuiumiza, maana safari hii General Electric ilikuwa tayari kuwapokea wateja waliochoka, na katika miaka hiyo ya 1980 ikaipita kwa mauzo. Ukiweka 219 za SD50 pembeni ya 180 za SD45, unaona kwamba yule mhandisi wa 1965 aliyeamua kuongeza silinda badala ya kukamua alikuwa na sababu nzuri.

Silinda 20 zilirudi reli za Marekani mwaka 1995, kwenye SD80MAC ya farasi 5,000 kwa injini ya 710, mrithi wa 645. Zilijengwa 30, zote zikaishia Conrail. Wakati huohuo EMD ilikuwa inauza SD70MAC ya silinda 16 na farasi 4,000, na hiyo ikapita 1,100. Mteja wa kwanza mkubwa alikuwa Burlington Northern, kwa makaa yaleyale ya Powder River. Mota zake zilikuwa za mkondo geu, ambazo zinashika reli kwa kiwango ambacho mota za D77 zisingekifikia. SD70MAC tatu zilichukua nafasi ya SD40-2 tano. Farasi walishuka kutoka 15,000 hadi 12,000, silinda zikashuka kutoka 80 hadi 48, na treni ikabaki na uzito uleule.